Kamera haimjui unayempiga: mwongozo wa kuanza kupiga picha chini ya jua la Dodoma

Jumamosi ya kwanza ya darasa langu naweka vitu vitatu mezani: karatasi nyeupe, kipande cha boksi la kaki na koti jeusi. Kila mwanafunzi anageuza kile kigurudumu cha juu ya kamera hadi herufi P, ambapo kamera hupanga mwanga yenyewe, anasogea mpaka kitu kimoja kijaze fremu yote, kisha anapiga. Halafu tunazitazama picha zote tatu kwa pamoja kwenye kompyuta. Karatasi imetoka kijivu. Boksi limetoka karibu na lilivyo. Koti jeusi nalo limetoka kijivu.

Darasa hunyamaza kidogo hapo, na ndipo somo linapoanza.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kiamini kwamba kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe wala cheusi, kama kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona cheupe kingi, kinapunguza mwanga. Kikiona cheusi kingi, kinaongeza. Kamera za kisasa hujitahidi kutambua nyuso na kujirekebisha, lakini tabia hiyo ya msingi haijaondoka. Sasa msimamishe mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe wenye jua, saa saba mchana, Dodoma. Kamera inaona ukuta, inapunguza mwanga, na uso wa mtu wako unazama gizani.

Nilijifunza hili kwa hasara ya watu wengine. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipiga harusi moja ukumbini, nikawapanga wazee wa upande wa bwana harusi mbele ya madirisha makubwa. Madirisha yalitoka vizuri sana. Nyuso za wazee zilitoka vivuli vitupu. Mmoja wao amekwishatangulia mbele ya haki, na picha ile ndiyo ya mwisho ambayo ukoo wake unayo. Ndiyo maana katika darasa hili mipangilio yote, namba zote na herufi zote zinatumikia kazi moja: uso wa mtu uonekane kama ulivyo.

Andaa kamera kabla ya kutoka nyumbani

Hili lifanye mara moja, kwa dakika kumi. Karibu na kioo unachochungulia kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako, maana wengi huilaumu lenzi kumbe hawajakigusa. Futa kadi kwa kutumia menyu ya kamera yenyewe, baada ya kuhakikisha picha za zamani umeshazihamisha. Washa mistari ya gridi kwenye skrini. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua, lile linalofanya anga au shati jeupe liwakewake kwenye picha uliyokwisha kupiga. Fokasi, yaani mahali picha inapoonekana wazi kabisa, iweke kwenye nukta moja unayoisogeza mwenyewe, usiiachie kamera ichague. Kama kadi ina nafasi, hifadhi RAW (picha ghafi, yenye taarifa zote za kamera) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa). RAW itakuokoa siku utakayokosea mwanga.

Na vumbi. Kuanzia Juni mpaka mvua zinapokaribia, upepo wa huku hauna huruma. Ukibadilisha lenzi, zima kamera, geuza mdomo wake uelekee chini, ipe mgongo upepo, na lenzi ya pili iwe mkononi tayari. Vumbi likishaingia usilipulize kwa mdomo, kwani mate yanaacha madoa. Tumia kipira cha kupulizia hewa.

Herufi A: tundu la lenzi

Achana na M, ile ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, kwa sasa. Najua umeambiwa kwamba wapiga picha wa kweli hutumia M peke yake, lakini mwanafunzi anayeanza na M hutazama namba na kusahau mtu aliye mbele yake. Anza na A (kwenye Canon imeandikwa Av). Hapo wewe unachagua tundu, yaani uwazi ndani ya lenzi unaopitisha mwanga, na kamera inatafuta kasi ya shata, lile pazia linalofunguka na kufungwa unapopiga.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba namba ndogo ni tundu kubwa. Fikiria chungwa: nusu ni kubwa kuliko robo, ingawa 2 ni ndogo kuliko 4. Namba ya tundu ni mgawanyo wa namna hiyohiyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2, tundu lina upana wa milimita 25. Ikiwa kwenye f/10, upana ni milimita 5 tu. Mlolongo wake ni f/2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua moja kwenda mbele inapunguza mwanga kwa nusu.

Tundu likiwa kubwa, kilicho kwenye fokasi huonekana vizuri na kilicho nyuma huyeyuka. Likiwa dogo, mbele na nyuma vyote huonekana. Kwa mtu mmoja tumia f/2.8 hadi f/4, kama lenzi inafika huko. Kwa familia iliyojipanga mistari miwili nenda f/8, la sivyo watoto waliokaa mbele watatoka vizuri na babu aliyesimama nyuma atakuwa ukungu. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hufungua hadi f/5.6 tu ukiivuta hadi mwisho. Usihuzunike. Msogeze mtu wako mbali na ukuta, mita tatu au nne, kisha wewe mkaribie. Nyuma itayeyuka bila kununua lenzi mpya.

Fokasi iende kwenye jicho lililo karibu nawe. Bonyeza kitufe nusu, subiri mlio au nukta ya kijani, kisha malizia kubonyeza.

Herufi S: kasi ya shata

Kwenye Canon ni Tv. Hapa unachagua shata inafunguka kwa muda gani, na kamera inatafuta tundu. Mkono wa mtu hutetemeka hata kama hausikii, kwa hiyo ukiwa na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ndogo za kawaida usishuke chini ya 1/100, na ukivuta hadi milimita 200 usishuke chini ya 1/320.

Mahali pazuri pa kujifunzia kasi ni kwenye ngoma. Akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma imebanwa mapajani na mikono inashuka haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kuifuata. Piga kwa 1/60: uso wa mpigaji umetulia, mikono imekuwa moshi. Piga kwa 1/800: kila kidole kinahesabika. Mimi naipenda zaidi ya 1/125, ambapo mkono bado ni mkono lakini unaona unakwenda. Piga zote tatu, uchague mwenyewe.

Ukumbini kuna jambo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 unaweza kukuta mistari ya giza imekatiza picha. Rudi kwenye 1/100 au 1/50, mara nyingi itapotea.

ISO na chenga

ISO ni namba inayosema kamera ipokee mwanga kwa wepesi gani: ikipanda, picha inang'aa zaidi. Nje kwenye jua weka 100. Kivulini 200 hadi 400. Ndani ya nyumba 1600, na usiku ukumbini 3200 au zaidi. Ukiipandisha, picha inapata chenga, kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Watu wanaogopa chenga kupita kiasi. Picha yenye chenga bado ni picha, iliyotikisika haitengenezeki. Ukilazimika kuchagua, pandisha ISO.

Kuna namba moja ya kukariri. Jua likiwa kali na anga safi: ISO 100, f/16, shata 1/100. Ukifungua tundu hatua mbili hadi f/8, harakisha shata hatua mbili pia hadi 1/400, na mwanga utabaki uleule. Mchana wa kiangazi hapa Dodoma namba hizo zinakubali karibu kila siku. Kwenye kivuli cha wazi, kama chini ya baraza, anzia ISO 200, f/4, 1/400.

Kitufe cha + na −

Nikipewa saa moja tu ya kufundisha, nitafundisha kitufe hiki. Kipo karibu na kidole cha shahada, kina alama ya kujumlisha na kutoa. Unakishikilia na kuzungusha gurudumu, na unaiambia kamera: umepima, nimekusikia, lakini ongeza, au punguza.

Rudi kwenye karatasi nyeupe. Piga tena ukiwa umeweka +1.7 (namba hizi ni hatua zilezile za mwanga), karatasi inakuwa nyeupe. Piga koti ukiwa kwenye −1.7, koti linakuwa jeusi. Wanafunzi wakishaona hivyo kwa macho yao, tunatoka nje.

Kwa nyuso zetu, hali mbili hukutana nawe kila siku, na dawa zake ni kinyume. Ya kwanza: mtu mweusi mbele ya kitu cheupe au anga. Kamera imepunguza mwanga kwa sababu ya weupe, kwa hiyo ongeza, +1 au hata +1.7. Anga litaungua kidogo. Liache liungue, hukuja kupiga anga. Ya pili: uso mweusi umejaza fremu yote, nyuma kuna giza. Kamera imeongeza mwanga kupita kiasi, na ngozi imekuwa ya majivu, imepoteza wekundu na udhahabu wake. Punguza, −0.7. Hili la pili wengi hawafundishwi, ndiyo maana unaona picha nyingi za studio ambamo mtu mweusi ti amegeuzwa maji ya kunde. Kumbadilisha mtu rangi bila ridhaa yake ni kumkosea.

Ngozi nyeusi ina jambo lingine la neema: inarudisha mng'ao. Paji la uso, mfupa wa shavu na pua hushika mwanga kama jiwe lililosuguliwa. Kwa hiyo usimmulike mtu kwa flashi ya kamera usoni moja kwa moja, itakupa doa jeupe kwenye paji na hakuna kingine. Mgeuze aelekee dirisha au mlango ulio wazi, mwanga uje kutoka ubavuni, na umbo la uso litajichora lenyewe.

Mwenye simu naye asijione ameachwa. Gusa uso kwenye skrini, halafu buruta kile kialama cha jua juu au chini. Ni kitufe kilekile.

Saa za kupiga

Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Nyakati hizo adhuhuri macho ya watu huwa mashimo meusi, kwa sababu mwanga unatoka juu na nyusi zinatia kivuli. Tena tuko magharibi ya mstari unaopangia saa zetu, hivyo jua hufika juu kabisa yapata saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili, na huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni au baada kidogo.

Mwanga mtamu ni kuanzia jua linapochomoza hadi saa mbili kasoro asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Giza la huku huingia haraka. Aliyezoea kuona picha za Ulaya zenye jioni ndefu hushangaa kuona mwanga umemkimbia ndani ya dakika ishirini. Fika mapema, kamera iwe imeshapangwa.

Ukilazimika kupiga mchana, tafuta kivuli cha wazi: baraza, mwarobaini, ubavu wa lori. Ardhi yetu ni nyekundu na kavu, inarudisha mwanga wenye joto kutoka chini hadi usoni. Ni kiakisi cha bure.

Kupanga picha: mama wa zabibu

Nitakueleza picha moja mwanzo hadi mwisho. Barabarani kuna mama anauza zabibu. Ameketi chini ya mwavuli mkubwa, sinia mapajani, nyuma yake barabara na vumbi linalong'aa kwa jua la saa tisa.

Kwanza kamera inabaki begani. "Shikamoo, mama." Akiitikia marahaba, ongea. Nunua zabibu kama unazo fedha. Ukijua kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hata kama lafudhi yako ni ya Pwani, utaona uso unafunguka. Omba ruhusa. Akikataa, shukuru na uende. Hakuna picha hapo.

Amekubali. Mwanafunzi wa kawaida hupiga palepale aliposimama, toka juu kwenda chini, na anapata mwavuli, nguzo ya umeme inayoota kichwani kwa mama, na bodaboda nusu. Wewe chuchumaa hadi macho yako yalingane na yake. Kisha zunguka hatua tatu kushoto, kwa taratibu, ukitazama nyuma yake tu. Utafika mahali ambapo nyuma si barabara tena, ni ukuta wa duka ulio kivulini. Papo hapo tatizo la mwanga limepungua nusu kabla hujagusa namba.

Sasa A, f/4, ISO 200. Nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu. Piga moja, tazama. Uso bado mzito? +0.7. Piga tena. Kwenye gridi, weka macho yake juu ya mstari wa juu, na mwili kwenye mstari wa kulia ikiwa anatazama kushoto, ili mtazamo wake upate nafasi ya kwenda. Zabibu zimejaa pembe ya chini. Halafu pitisha jicho lako pembeni mwa fremu, pembe zote nne, kabla ya kubonyeza. Ukiona mkono umekatwa kwenye kifundo au sinia limekatwa nusu, rudi nyuma hatua moja.

Usiondoke. Zingatia mikono yake inapopanga vichala: vidole vina vumbi jeupe la zabibu, shanga mkononi, sarafu kwenye pindo la kanga. Sogea, piga mikono peke yake. Mara nyingi hiyo ndiyo picha atakayoikumbuka mtu.

Kanuni ya kugawa fremu mara tatu isikutawale. Mbuyu uliosimama peke yake uwandani unastahili kati kati. Lakini mbuyu bila kipimo ni mti tu, hivyo mweke mtu kwenye shina lake, na mtazamaji ataelewa ukubwa. Wakati wa kiangazi umepukutisha majani, matawi yanasimama kama mizizi iliyogeuzwa. Jioni pima mwanga kwenye anga, weka −1, na utapata umbo jeusi tupu juu ya anga jekundu. Nchi ya huku Dodoma ni tambarare, kwa hiyo picha ya mandhari inahitaji kitu cha karibu: jiwe la matale, mwiba, nyayo za ng'ombe. Kule Mpunguzi na Hombolo, mistari ya mizabibu inakufanyia kazi yote. Simama mwanzo wa mstari mmoja, inama, tumia f/11, na jicho litatembea lenyewe hadi mwisho wa shamba.

Ruhusa

Usipige picha kambi za jeshi, vituo vya polisi, uwanja wa ndege wala majengo ya serikali bila kibali, na mji huu umejaa majengo hayo. Kwenye stesheni ya treni uliza kwanza, na usisimame relini kwa ajili ya picha. Msikitini na kanisani muulize msimamizi. Ukifika Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, nenda na mwongozaji, zima flashi, na usiguse wala kuimwagia maji ili rangi ionekane. Pandisha ISO badala yake. Watoto usiwapige bila mzazi kujua.

Baada ya kupiga

Hamisha picha siku hiyohiyo, ziweke mahali pawili. Chagua tano tu kati ya mia. Kuchagua ni nusu ya kujifunza, na ukiona makosa yanajirudia, yaandike kwenye daftari pamoja na namba ulizotumia.

Picha ya mama wa zabibu ichapishwe. Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, hivyo picha hutoka nzito kuliko ulivyoiona, na wa kwanza kuzama ni uso. Chapisha nakala moja ndogo ya kujaribia, itoe nje ya duka, itazame kwenye mwanga wa mchana. Uso ukiwa mzito, ongeza mwanga theluthi moja au mbili za hatua, uchapishe tena. Hiyo ya pili ndiyo ya kumpelekea.